Mwalimu Naye Huumwa: Majibu kwa Barua Nne Kutoka Shuleni

Kwa kawaida safu hii hupokea barua kuhusu watoto: aliyeanza kukojoa kitandani baada ya kuhamishwa shule, aliyekata tamaa baada ya matokeo ya darasa la saba, aliyenyamaza ghafla bila sababu inayoonekana. Mwezi huu barua hizo nimeziweka kando, kwa sababu tangu tulipozungumzia hofu ya wanafunzi kabla ya mitihani wameandika walimu wenyewe na wafanyakazi wengine wa shule, na karibu kila mmoja ameanza kwa kuomba radhi, kana kwamba mwalimu kuumwa ni kosa la utumishi. Nimechagua barua nne, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya watu na ya shule.

"Nimepoteza wito?"

*Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali, na nina miaka tisa kazini. Darasa langu lina watoto 148. Zamani nilikuwa nawahi kufika. Siku hizi nikikaribia shuleni miguu inakuwa mizito, moyo unakwenda mbio, na mara mbili nimejifungia chooni nikilia wakati kengele ya kipindi cha kwanza imeshagongwa. Usiku silali. Nimepimwa malaria, taifodi na vidonda vya tumbo mara nne na hakuna kilichoonekana. Nimekuwa mkali kwa watoto kwa namna inayonitisha mwenyewe. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Nilipomweleza kiongozi wangu mmoja alinijibu kwamba ualimu ni wito na mwenye wito hachoki. Je, nimepoteza wito? — Mwalimu wa darasa la pili, Geita*

Mwalimu mwenzangu, nakuita hivyo kwa sababu nami nilishika chaki kwa miaka kumi na minne kabla ya kusomea unasihi, yaani ushauri nasaha. Nianze na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho wa barua, ile ya kutamani usingeamka, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kwanza. Ikiwa matamanio hayo yanaishia kwenye uchovu na hamu ya kulala, ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Ikiwa yamewahi kukufikisha kwenye kuwaza namna ya kuyakatisha maisha yako, basi usiumalize usiku wa leo ukiwa peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe mama, dada, jirani au mwalimu mwenzako, kwa maneno yasiyozunguka. Mwombe alale nawe nyumba moja na ahifadhi mbali nawe dawa na sumu za shambani. Kisha akusindikize hospitali, hata kama ni usiku huohuo, mawazo hayo yakikukaba. Usiogope kulaumiwa kwa kuwaza hivyo. Ni dalili kama homa ilivyo dalili, na wengi wanaotibiwa hupata nafuu.

Sasa nije kwenye vipimo. Sishangai kwamba umepimwa mara nne, kwa sababu tumezoea kumpelekea daktari mwili na kuiacha roho nyumbani. Ukifika ukasema kichwa kinauma na mwili hauna nguvu, utapimwa malaria, na ndivyo inavyostahili. Safari hii nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, na umweleze daktari yale uliyonieleza mimi: tangu lini hulali, moyo unaanza kwenda mbio ukiwa mahali gani, umelia mara ngapi kazini, na hiyo sentensi ya asubuhi. Ukiona aibu kuyatamka, yaandike kwenye karatasi umkabidhi. Mfuko wa bima ya afya hukata asilimia 3 ya mshahara wako kila mwezi na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, na kadi uliyopewa haikutolewa kwa ajili ya malaria peke yake. Daktari akiona unahitaji kupumzishwa atakuandikia ile hati ambayo walimu wote tunaiita ED. Ichukue bila kuona haya, kama ambavyo ungeichukua kwa mguu uliovunjika.

Huenda unajiuliza kama huu ni ugonjwa au ni uchovu tu. Inawezekana ni vyote viwili, na inafaa kuvitenganisha kwa sababu tiba zake hazifanani. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeutaja uchovu wa kazi uliokithiri kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini ambao haukusimamiwa ipasavyo, wala halikuuita ugonjwa. Hutambulika kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuiona chungu, na kujiona kwamba hufanikishi tena lolote. Hali hiyo mara nyingi hulegea mtu akipumzika. Likizo ya Juni ikifika, siku ya nne au ya tano unajisikia umerudi kuwa wewe. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hailegei kwa likizo. Hukufuata shambani, harusini, kanisani au msikitini, huondoa ladha ya chakula na ya mazungumzo, na ikikaa mfululizo kwa wiki mbili au zaidi ni ya kutibiwa, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa njia zote mbili. Kumbuka likizo yako iliyopita ilikuwaje, na jibu hilo mpelekee daktari.

Naomba urudi kwenye maneno "haukusimamiwa ipasavyo", maana ndani yake limo jibu la swali lako la wito. Mzigo wa kusimamiwa una wasimamizi wake, na mwalimu wa darasa la pili ni mmoja tu kati yao. Nchi hii, Tanzania, imewafungulia watoto milango ya shule mara tatu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ilikuja elimu ya msingi kwa wote, na vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanajifunza kazi huku wakifundisha. Mwaka 2002 ukaanza MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa. Na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Naziunga mkono zote tatu bila kusita, kwa kuwa pasipo ile ya kwanza mama yangu asingejua kusoma. Hata hivyo, kila mara watoto walifika kabla ya walimu na kabla ya madarasa, na pengo lililobaki likajazwa na nguvu za aliyekuwa amesimama mbele ya ubao. Kiwango kinachotajwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wewe una 148. Ukilisahihisha kila daftari kwa dakika moja, somo moja linakula karibu saa mbili na nusu, nawe darasa la pili hufundishi somo moja. Aliyekwambia mwenye wito hachoki hakuwa amekaa nawe jioni moja mbele ya lundo hilo la madaftari.

Kwa hiyo tuanze na lundo lenyewe. Wagawe watoto wako katika mafungu matano, kila fungu watoto 29 au 30, na kila siku ya juma sahihisha kwa makini madaftari ya fungu moja tu. Waliobaki wasahihishane wenyewe kwa majibu unayoyaandika ubaoni, jambo ambalo watoto wa miaka minane hulipenda kuliko tunavyodhani. Kila mtoto atasomwa na jicho lako mara moja kwa wiki, na hiyo ni zaidi ya anachokipata sasa, unapoweka alama ya vema kwenye kurasa ambazo macho yako yamekwisha kuacha kuziona. Usilifanye kwa siri. Mweleze mwalimu wa taaluma, mkubaliane, na uliandike kwenye azimio la kazi, ili Mthibiti Ubora wa Shule akija akute mpango badala ya madaftari yasiyosahihishwa.

Umesema ukali wako unakutisha. Nashukuru kwamba unakutisha, kwa sababu mwalimu aliyeelemewa akishika fimbo hahesabu. Kanuni za 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa mkuu wa shule au kwa mwalimu aliyempa idhini, na viboko visizidi vinne. Lakini mimi nakushauri kwa mwezi mzima uiache fimbo ofisini, usiingie nayo darasani kabisa. Ukiona hasira inapanda, wasimamishe watoto waimbe wimbo wowote wanaoujua, nawe usogee dirishani mpaka beti mbili ziishe. Niliwahi kufanya hivyo katika darasa la watoto 112, na nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa ikitetemeka kwenye nondo za dirisha huku nyuma yangu wakiimba kwa furaha, bila kujua wameponea nini.

"Semina ya siku moja inatosha?"

*Ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata yenye walimu 17. Mwalimu wangu wa fizikia, ambaye nilimtegemea sana, amekuwa anachelewa, hasemi na wenzake, na asubuhi nyingine ananuka pombe. Nimemwandikia barua mbili za kutaka maelezo, akanijibu mstari mmoja. Stafu nzima imepoa. Nimepata wazo la kumleta mtaalamu awape semina ya siku moja kuhusu msongo wa mawazo. Inatosha? — Mkuu wa Shule, Njombe*

Ndugu Mkuu wa Shule, semina mlete, lakini haitoshi, na ikija peke yake inaweza kuumiza, kwa sababu walimu watakaa siku nzima wakifundishwa kupumua polepole na kesho yake watarudi kwenye ratiba ileile. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa afya ya akili kazini, Septemba 2022, halikuishia kwa mfanyakazi. Lilipendekeza pia wasimamizi wapewe mafunzo ya kutambua anayeelemewa na kuzungumza naye. Kwa lugha ya shuleni, msimamizi huyo ni wewe.

Barua ya tatu isubiri. Sikwambii uache kuisimamia nidhamu, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha nne hawawezi kusubiri fizikia mpaka mwalimu apone. Nakuomba utangulize mazungumzo, ambayo kwa maelezo yako hayajafanyika hata mara moja. Usimwite ofisini kwa kumtuma mwanafunzi, maana stafu nzima itajua. Mfuate mwenyewe jioni, mkitembea kuelekea barabarani au mkikagua uwanja, na uanze na ulichokiona kwa macho yako: kwamba zamani alikuwa akibaki maabara na vijana hadi saa kumi na moja, na kwamba tangu mwezi fulani humwoni tena. Kisha umuulize analalaje. Baada ya hapo nyamaza, na ukimya ukirefuka, uache urefuke. Wakuu wengi wa shule hushindwa hapa kwa sababu tumezoea kikao chenye ajenda, na mtu akikaa kimya tunamjazia jibu.

Pombe uihesabu kuwa dalili mpaka itakapothibitika vinginevyo. Wanaume wengi wa kwetu hawana lugha nyingine ya kusema kwamba wamefiwa na hawajalia, au kwamba wamepangwa mbali na mke na watoto kwa miaka minne na maombi ya uhamisho hayajibiwi. Akikwambia jambo, likomee kwako. Ukilipeleka kwa makamu wako kabla ya kumwomba ruhusa, hatakwambia la pili, na wenzake 15 waliobaki watajifunza kunyamaza kutoka kwake. Kama anahitaji hospitali, mpe ruhusa ya siku nzima bila kumtaka akupe jina la ugonjwa. Cheti cha daktari kinatosha.

Kuhusu stafu iliyopoa, nakuomba uangalie mambo madogo yanayojirudia, kwa sababu hayo ndiyo yanayowachosha watu kuliko tukio moja kubwa. Je, orodha ya waliochelewa inasomwa mbele ya wote Jumatatu? Je, kundi la shule la WhatsApp linaletewa maagizo saa nne usiku, na asiyejibu anaulizwa asubuhi? Je, mwalimu aliyeajiriwa mwaka jana ndiye mwenye vipindi vingi zaidi, na zamu, na michezo, na bweni, kwa kuwa hana wa kumsemea? Je, wanajaza PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwa bando la mfukoni mwao, usiku, kila mtu peke yake? Lolote kati ya hayo unaweza kulibadilisha wiki hii bila kibali cha mtu na bila shilingi moja ya bajeti. Agiza kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni kundi hilo ni la dharura tu, kisha uwe wa kwanza kulitii agizo hilo. Tenga saa moja ya Ijumaa mjaze mfumo huo pamoja, anayeujua akimwelekeza asiyeujua.

Liko jambo moja ninalolipigania popote ninapoalikwa. Katika shule za mbali, nauli na hasira nyingi huishia kwenye safari za kufuatilia haki: malimbikizo ya mshahara, kupandishwa daraja, fedha za likizo, uhamisho. Mwalimu anaomba ruhusa, anapanda bodaboda na basi, anafika halmashauri anaambiwa afisa yuko kikaoni, anarudi amepoteza siku, nauli na heshima. Wakiwa walimu sita wenye madai, ni safari sita. Kusanya madai yote kila mwezi katika faili moja, kila dai na vielelezo vyake, uandike barua moja ya kuyasindikiza, kisha uyapeleke mwenyewe kwa Afisa Utumishi na katika ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa sheria ya 2015 kushughulikia mambo ya utumishi wa walimu. Utarudi na majibu, hata yakiwa ni ya "subiri". Nilipokuwa mwalimu kijana alikuwepo mkuu wa shule aliyetufanyia hivyo, na wala hakufanikiwa kila mara. Lakini siku aliyorudi saa mbili usiku akiwa amelowa mvua, na faili letu amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe, hapakuwa na mwalimu aliyekosa kipindi kesho yake.

Nawe mwenyewe nani anakuuliza unalalaje? Hukuniandikia lolote kuhusu hilo. Tafuta mkuu wa shule mwenzako wa kata nyingine, mzungumze mara moja kwa wiki mambo ambayo huwezi kuyasema mbele ya walimu wako.

"Wanafunzi walinasihiwa, mimi hakuna aliyeniuliza"

*Ni matroni wa shule binafsi ya bweni ya wasichana, ninalala na watoto 90. Muhula uliopita mtoto mmoja aliugua usiku, nikamshika mikononi mpaka gari lilipofika, akafia njiani. Walikuja wanasihi wakakaa na wanafunzi siku tatu. Mimi niliambiwa niwahesabu watoto wanapoingia ukumbini. Sasa kila mtoto akikohoa usiku naruka kitandani, ninalia nikifua mashuka, na nimepungua sana. Daktari ameniandikia mapumziko ya wiki mbili. Mwenye shule amesema nikienda nitakuta kitanda changu kina mtu. — Matroni, Tanga*

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Nasema msiba kwa sababu ndivyo ulivyo, ingawa hukupewa nafasi ya kuukalia. Ulimshika mtoto yule saa ambayo mama yake hakuwepo, kisha asubuhi ukatakiwa uhesabu wenzake. Kuruka kitandani mtoto anapokohoa ni mwili wako ukilinda usiku ule usirudi, na haimaanishi kwamba unarukwa na akili. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri miezi inavyokwenda wakipata mtu wa kuwasikiliza na usingizi wa kutosha. Ambaye haipungui, au inamfanya adhoofike kama unavyosema, anahitaji mtaalamu. Siku hizo tatu za unasihi zilikuwa zako pia, na zilikuwa za mlinzi aliyefungua geti, za dereva na za mpishi aliyemjua marehemu kwa sababu hakuwa anakula maharage. Shule nyingi husahau kwamba jumuiya yake ni pamoja na watu wasioshika chaki.

Kuhusu kitanda, sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Wiki mbili ni siku 14. Mkabidhi mwenye shule nakala ya cheti pamoja na barua fupi ya heshima, isiyo na ugomvi, asaini kupokea; ile halisi ibaki kwako, na nakala nyingine kwa ndugu yako aliye nje ya shule. Akikufukuza kwa sababu hiyo, unazo siku 30 za kupeleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huenda haraka kuliko mtu anavyofikiri, kwa hiyo usizimalize ukisubiri alegeze moyo akuite tena. Wiki hizo mbili nenda nyumbani kwenu, ulale mahali ambapo akikohoa mtoto yuko mtu mwingine wa kuamka. Na kama familia ya marehemu inafikika na haina kinyongo, nenda kawape pole ana kwa ana. Inaelekea wangependa kujua kwamba binti yao hakuwa peke yake.

"Kadi ya mke wangu iko kwa mkopeshaji"

*Mke wangu ni mwalimu wa sekondari. Tangu Machi hazungumzi, simu ikiita anatoka nje, mwezi uliopita nimegundua kadi yake ya benki na namba ya siri viko kwa mtu aliyemkopesha. Yeye anasema tu amechoka na kazi. Nimpeleke kwa mchungaji? — Mume, Mbagala*

Ndugu yangu, mchungaji anaweza kumwombea na ni vyema, ila mikopo hii tunayoiita kausha damu nimeikuta nyuma ya machozi ya walimu wengi mno kiasi kwamba siku hizi ni swali langu la tatu au la nne kwa kila mwalimu anayekuja kuniona. Mara nyingi huanza na jambo jema, ada ya mdogo wake au matibabu ya mzazi, halafu mkopo wa pili unachukuliwa ili kuulipa wa kwanza. Anapokwambia amechoka na kazi hakudanganyi; anafanya kazi mwezi mzima na mshahara unaingia mkononi mwa mtu mwingine. Aibu ndiyo iliyomfungia mdomo, na kwa mwalimu huwa kubwa zaidi, kwa sababu mtaani anaonwa kuwa mtu wa kuigwa.

Usianze kwa kuuliza fedha zilikwenda wapi. Anza kwa kumwambia kwamba umejua, kwamba hukasiriki, na kwamba deni hilo mtalibeba wawili. Siku ya kwanza iishie hapo. Siku ya pili kaeni na karatasi, muandike kila mkopeshaji, kiasi kilichochukuliwa, kilicholipwa na kinachodaiwa. Kila anayetoa huduma ndogo za fedha anatakiwa na sheria ya 2018 awe na leseni, kwa hiyo mwombeni kila mmoja awaonyeshe leseni yake na mkataba. Asiye na vyote viwili atazungumza kwa sauti ya chini zaidi. Mtumishi wa umma anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na mkopeshaji anayeshika kadi huivunja kinga hiyo kwa mlango wa nyuma. Nendeni benki mkaombe kadi mpya na namba mpya ya siri, na siku hiyohiyo mwandikieni mkopeshaji ni kiasi gani mtamlipa kila mwezi na kwa njia gani, ili isionekane mnakimbia deni. Kama shuleni kwake kuna SACCOS ya walimu, ulizeni kama inaweza kuyakusanya madeni yote kuwa mkopo mmoja wenye riba ya kubebeka.

Baada ya hayo mwangalie kwa wiki mbili. Akianza kulala na kuzungumza, mmeshaligundua tatizo. Asipoanza, jibu nililompa mwalimu wa Geita hapo juu linamhusu pia, pamoja na lile la usiku wa leo. Na benki usimwache aende peke yake: akifika pale akiwa mmoja, simu ya mkopeshaji ikiita atarudi njiani. Omba ruhusa kazini kwako siku hiyo, muongozane.